Usiufute Kwanza: Mfuniko wa Pleya ya Santuri na Usafi Wetu wa Tanga

Ukiingia nyumba yenye pleya ya santuri hapa Tanga, tazama mfuniko wake kabla hujauliza bei. Ukiukuta una ukungu mweupe pale juu katikati, na ukiinamisha kichwa kuelekea dirishani unaona mikwaruzo ya duara kwa duara, ujue hapo pana mtu anayependa usafi, na kila Ijumaa asubuhi kitambaa kimepita. Ukiukuta una vumbi la kuandikika kwa kidole, lakini chini ya vumbi plastiki bado inaonyesha, wenyewe ni wavivu, na pleya yao ndiyo nitakayoinunua mimi.

Sisemi hivi kuwacheka mama na shangazi zetu. Nasema kwa sababu karibu kila mfuniko mbovu niliowahi kuushika haukuharibiwa na matumizi. Uliharibiwa na kusafishwa.

Na pleya bado zipo, wala si chache. Mji huu ulikuwa wa muziki: Jamhuri Jazz na Atomic Jazz upande wa dansi, Black Star na Lucky Star upande wa taarabu, ambako mwimbaji Shakila alipita kabla ya kwenda kikundi cha JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Sahani zao ndogo za santuri, za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi zikitokea Kenya, ziliingia nyumba za Ngamiani, Chumbageni na Makorora pamoja na mashine za kuzipigia. Sahani zimevunjika, zimeazimwa zisirudi, zimegeuka vichezeo vya watoto. Mashine zimebaki uvunguni na juu ya makabati, na siku hizi wajukuu wanazitoa. Ndani ya mashine mengi yanatengenezeka: mkanda uliolegea unabadilishwa, sindano zinaagizwa, waya zinachomelewa upya. Mfuniko ndio mtihani. Mfuniko wa pleya ya mwaka 1975 huendi dukani kuuomba, kwa hiyo ulionao ndio huohuo.

Tuanze na vumbi, maana ndilo linalokwaruza. Kitambaa ni mbebaji tu. Vumbi la sebuleni si unga wa ngano. Ndani yake mna uzi wa nguo, nywele, ngozi iliyopukutika, na mchanga. Mchanga wa pwani na wa barabarani una chembe nyingi za kwazi (quartz), na wanaopima ugumu wa mawe kwa kipimo cha Mohs, kinachoanza na ulanga (talki, jiwe la poda) kwenye 1 na kuishia na almasi kwenye 10, wanaiweka kwazi kwenye 7. Kioo cha dirisha kiko karibu na 5 na nusu. Plastiki ya mfuniko iko kati ya 2 na 3, jirani kabisa na ukucha wako. Sasa chukua kitambaa kikavu, bonyeza, zungusha. Umekamata chembe ngumu kuliko kioo na kuzisugua juu ya kitu laini kama ukucha, halafu unashangaa ukungu umetoka wapi.

Kitambaa kikavu kina ubaya wa pili, nao hauonekani mara moja. Plastiki ikisuguliwa inapata umemetuli, ule unaonyanyua vipande vya karatasi kwenye kitana. Mfuniko ulioufuta saa nne, saa sita umeshavuta vumbi jingine, nawe unarudi na kitambaa. Hapa pwani unyevu wa bahari unatuhurumia kidogo, kwa sababu hewa yenye majimaji huupunguza umemetuli. Lakini siku kavu za kaskazi utaona mwenyewe nyuzi zinavyorukia plastiki kabla hujaigusa.

Halafu kuna kitambaa cha kufuma. Nyumba ya kwetu haiachi kitu uchi: redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, pleya ina kitambaa, na juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki, rimoti na picha ya harusi. Kitambaa cha kufuma kina matundu. Mchanga unapita kwenye matundu, unatua kwenye plastiki na kukaa pale, na kila mfuniko ukifunguliwa kitambaa kinavutwa kidogo huku, kidogo kule. Nimeinua kimoja kwa shangazi yangu wa Makorora, nikakuta ua lote la kufuma limechorwa kwenye mfuniko: petali, duara la kati na pindo lenye meno, kwa mikwaruzo myembamba. Fundi wa michoro asingeweza. Nikamwomba kile kitambaa akihamishie kwenye kabati. Akaniangalia.

"Mfuniko ukae wazi hivyo, mwanangu, kama hauna mwenyewe?"

Tulipatana kwa shuka. Kipande kikubwa cha pamba kinafunika mashine nzima mpaka chini, kinanyanyuliwa kwenda juu bila kuburuzwa, kinakung'utwa nje. Maua ya plastiki yamepata makao mengine.

Kabla ya kuosha, jua unaosha nini. Mifuniko mingi mizuri ni ya akriliki, plastiki iliyoanza kuuzwa kwa jina la Plexiglas mwaka 1933 na kampuni ya Otto Röhm huko Ujerumani, wakati Waingereza nao wakiitengeneza kwa jina la Perspex. Ina uzito wa nusu hivi ya kioo na hupitisha asilimia 92 ya mwanga, ndiyo maana ikiwa safi unaona kama hakuna kitu. Pleya za bei nafuu zilipewa polistairini, nyepesi na rahisi kuvunjika, na nyingi zimeshaanza kuwa njano. Njia ya haraka ya kuzitambua ni kugonga kwa ukucha: polistairini inalia ting, mlio wa bati, akriliki inatoa mlio mzito uliofifia. Kipimo cha sikio hicho, si cha maabara, lakini kwa kazi yetu kinatosha.

Niruhusu nitoke njiani kidogo. Vita Kuu ya Pili ilipopiganwa, vifuniko vya vyumba vya marubani kwenye ndege za kivita vilikuwa vya plastiki hiihii ya akriliki. Vilipopasuka kwa risasi, vipande viliwaingia marubani machoni, na daktari wa macho wa Uingereza, Harold Ridley, akagundua kwamba jicho linavivumilia. Tarehe 29 Novemba 1949, hospitali ya St Thomas jijini London, akampandikizia mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi ya akriliki. Lenzi za namna hiyo zimetumika kwa miaka mingi tangu hapo, pamoja na nchi zetu. Basi babu anayekuletea mfuniko wa pleya uutazame huenda anakutazama kupitia plastiki ya ukoo uleule. Tofauti ni kwamba ile ya jichoni hakuna anayeifuta kwa pindo la shati.

Turudi kwenye karai.

Mfuniko uoshwe ukiwa umetoka kwenye mashine. Mingi inachomoka kwenye bawaba kwa kuivuta juu wima, kushoto na kulia kwa pamoja, na mingine imefungwa kwa skrubu ndogo. Ukiona unakataa usilazimishe. Muombe mtu ashike bawaba nawe uvute, kwa sababu pembe za nyuma ndipo nyufa zinapoanzia. Maji yakidondokea mashine utatafuta fundi wa aina nyingine.

Ukishautoa, hewa kwanza. Usipulize kwa mdomo, mate yatatua. Pampu ya baiskeli ndiyo kifaa changu: inapuliza kwa nguvu, inalenga, na kila nyumba jirani ipo. Pembeni, kwenye mfereji wa ndani wa mfuniko, ndiko mchanga unakojificha, kwa hiyo anza huko. Kisha maji yanayotiririka, bila mkono kugusa. Elekeza bomba au mimina kwa kopo, acha maji yateremke na mzigo wake. Hatua hii watu huiruka kwa sababu haionyeshi matokeo, na ndiyo iliyobeba kazi yote. Mchanga ulioondoka na maji hauna tena wa kumkwaruza.

Maji yenyewe yawe ya baridi au vuguvugu. Akriliki huanza kulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, na polistairini chini kidogo ya hapo, kwa hiyo ya birika yabaki kwa chai. Mvua zikiwa kubwa na maji ya bomba yakija na rangi ya udongo, yaache kwenye ndoo yatuame, uchote ya juu. Ya kisima chenye chumvi yanafaa kusuuzia mara ya kwanza, si ya mwisho.

Tandika taulo kwenye beseni ili pembe zisigonge. Weka matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya vyombo. Sabuni ya unga hapana, hata ukiikoroga, kwa sababu punje moja isiyoyeyuka inatosha kukuharibia. Vua pete, vua bangili, vua saa. Sasa osha kwa mikono mitupu. Namaanisha vidole, bila kitambaa, bila sponji, na dodoki libaki bafuni. Ncha ya kidole ni laini kuliko plastiki, na ina jambo ambalo sponji haina: inahisi. Ukipita juu ya chembe utaisikia ikikereza, utasimama, utaisuuza. Sponji ingeimeza na kuendelea nayo mpaka mwisho wa mfuniko. Pitisha mkono kwa mistari iliyonyooka, mbele na nyuma, si kwa kuzungusha. Mkwaruzo ulionyooka unaonekana taa ikiupiga upande mmoja tu, wa duara unaonekana kila upande.

Moshi wa udi una kesi yake. Nyumba inayofukizwa kila jioni, mfuniko unapata utando wa rangi ya asali, juu na hata ndani, unaonata kidogo ukiugusa. Ni utomvu uliopanda na moshi. Watu wanauona huo wanakimbilia kusugua. Usisugue. Lowesha kipande cha fulana ya pamba kwa maji vuguvugu yenye sabuni, ukilaze juu ya mfuniko robo saa, kinyanyue, suuza, rudia. Mara ya kwanza maji yatatoka na rangi ya chai nyepesi, na ukiweka pua utajua udi wenyewe ulikuwa wa gharama gani. Mara ya tatu au ya nne vidole vinateleza safi. Baada ya hapo chetezo kihamie upande wa pili wa sebule.

Maji ya mwisho yawe ya mvua uliyokinga vizuri, au ya kunywa, yenye tone dogo sana la sabuni. Maji yenye chokaa au chumvi yakikaukia pale yanaacha madoa meupe, na madoa hayo ndiyo yanayomrudisha mtu kwenye kitambaa kikavu. Lile tone la sabuni linaacha utando mwembamba usioonekana, unaopunguza umemetuli.

Kukausha ni kivulini. Simamisha mfuniko kwa ubavu juu ya taulo, maji yateremke, kisha gusagusa yaliyobaki kwa kanga. Kanga iwe ya zamani, iliyokwisha kufuliwa mpaka ikachoka. Kanga mpya ina wanga, na wanga ni mkavu na mgumu. Iwe pia ya pamba halisi: dondoshea tone la maji, likinywewa hapohapo ni pamba, likikaa juu kama shanga ni poliesta yenye hila. Usitumie ukingo uliopindwa na kushonwa, ule uzi ni mgumu. Vitambaa vya maikrofaiba vinavyouzwa kwa ajili ya magari ni vizuri sana kwa kazi hii, kwa sharti kiwe kipya na chako peke yako. Kilichokwisha kufuta gari, hata kikifuliwa vipi, kina mchanga wa Horohoro, kule mpakani na Kenya, ndani yake.

Sasa dawa, na hapa ndipo ninapokuwa mkali.

Mzee mmoja wa Barabara ya 8 aliniletea mfuniko wa akriliki mzito, mzuri, uliokaribia kutokuwa na mkwaruzo. Lakini kuzunguka matundu ya skrubu za bawaba palikuwa na nyufa nyembamba nyingi, zinazometameta ukiuzungusha juani, zikitawanyika kutoka kwenye tundu. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza ameusafishia nini.

"Spiriti, mwanangu. Ile ya hospitali. Daktari anampakia mtoto kabla ya sindano, itakuwa inadhuru plastiki?"

Inadhuru. Plastiki ikimiminwa kwenye kalibu na kupoa, na skrubu zikaja kuibana, sehemu fulani zinabaki na mkazo ndani yake, hasa pembeni na kwenye matundu. Spiriti ikifika pale inaingia kati ya minyororo ya plastiki na kuiachilia, na mkazo uliokuwa umetulia unapata mahali pa kupasukia. Si lazima uone hapohapo. Unaweza kufuta leo, ukafurahi, nyufa zikatokea baadaye ukidhani mtoto ameuangusha. Na nyufa hizo hazikai juu tu, zinaingia ndani, kwa hiyo hakuna kung'arisha kunakoziondoa.

Dawa ya kusafishia vioo ina kesi hiyohiyo, kwa sababu nyingi zina amonia au spiriti. Mfuniko unafanana na kioo, chupa imeandikwa kioo, mtu anaamini. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha inayeyusha akriliki na polistairini papo kwa papo, thina vilevile. Petroli isisogee. Kuna nyingine ambayo hakuna anayeifikiria: mafuta ya kujipaka ya kufukuza mbu. Mengi yana DEET, kemikali ya kufukuzia mbu, nayo inakula aina nyingi za plastiki. Jioni umejipaka, ukaja kufungua mfuniko ugeuze sahani upande wa pili, umeacha alama ya vidole isiyotoka kwa sabuni. Nawa kwanza. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo, puliza pleya ikiwa chini ya shuka yake.

Mikwaruzo iliyokwisha kuwepo je? Kabla ya kuhangaika, lowesha mahali hapo kwa maji utazame. Mkwaruzo unaonekana mweupe kwa sababu kingo zake zinatawanya mwanga, na maji yakiujaza mwanga unapita karibu kama kawaida. Ukitoweka chini ya maji na ukucha haukwami ukiupitisha, ni wa juujuu, unang'arishika. Ukucha ukikwama, huo umechimba. Ushauri wangu kwa uliochimba ni kuishi nao.

Kung'arisha hakujazi kitu, ila kunapunguza plastiki ya pembeni mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo. Kwa ile ya juujuu, dawa maalumu ya plastiki ndiyo bora, na Novus inajulikana kwa kazi hiyo, ina chupa namba 3 ya kukata, namba 2 ya kulainisha na namba 1 ya kusafishia. Isipopatikana, dawa ya meno nyeupe ya kawaida, isiyo ya jeli, ina chembe laini za kusugulia, na kwa kitambaa chenye maji na uvumilivu inaondoa ukungu mwepesi. Haifanyi miujiza. Brasso, dawa ya kung'arishia shaba, wazee wanaiapia, hasa waliopita jeshini. Inakata kweli, lakini ya asili ina amonia, nami kwenye mfuniko wenye matundu ya skrubu siithubutu. Dawa yoyote utakayochagua, ijaribu kwenye ukingo wa nyuma kwa ndani. Na yakwepe maandishi: jina la kampuni lililochapwa pale mbele ni rangi tu, linaondoka kabla ya mkwaruzo, na mfuniko usio na jina umepoteza nusu ya uzuri wake.

Kuna vijana barabarani wanaong'arisha taa za magari kwa msasa na mashine, na taa iliyokuwa njano inatoka inang'aa. Wanaijua kazi yao. Usiwapelekee mfuniko. Taa zile ni za polikaboneti, plastiki nyingine inayovumilia joto kuliko akriliki. Mashine ikizunguka kwa kasi mahali pamoja kwenye akriliki, joto la msuguano linailainisha, dawa inachanganyika na plastiki, na unapata shimo lenye mawimbi. Msasa wa maji unafaa kwa mkono tu: kuanzia namba 800 au 1000 kutegemea ubaya wake, kisha 1500, kisha 2000, maji yakimwagika muda wote, kila namba ukibadilisha mwelekeo ili uone kama mistari ya namba iliyotangulia imekwisha. Hapo katikati mfuniko wote unakuwa mweupe na moyo unakudunda. Dawa ya kung'arisha inaurudisha, taratibu. Ni kazi ya siku nzima na mabega yatauma. Mimi naikubali pale tu mfuniko umekwaruzika kiasi kwamba huwezi kusoma lebo ya sahani inayozunguka chini yake.

Na ule wa mzee wa Barabara ya 8? Tulikwenda kwa mafundi wa mabango, wale wanaokata herufi za maduka, kwa sababu bango la kung'aa ni akriliki ileile. Wanakata bapa la unene wa milimita 3, au 5 ukitaka lisipinde, wanaunganisha kwa gundi nyepesi inayoingia kwenye kiungo na kuyeyusha pande zote mbili zishikane. Unapata sanduku la wazi lisilo na bawaba, la kunyanyua na kufunikia. Pima kimo cha pleya sahani ikiwa juu yake, si ikiwa tupu, na upime pia mkono wa sindano ukiwa umenyanyuliwa. Bapa huja na karatasi ya kinga pande zote, na fundi atataka kuibandua yote ili akuonyeshe kazi ilivyong'aa. Mwombe abandue pale pa gundi tu. Iliyobaki ibandue nyumbani, polepole, maana kule kubandua nako kunazaa umemetuli, na vumbi la barabarani lipo linasubiri. Kisha lipeleke sanduku moja kwa moja kwenye maji, kabla fundi, jirani au mzee mwenyewe hajatoa leso mfukoni.